London kwa miguu: Trafalgar Square hadi Marble Arch

Ramani ya treni za chini ya ardhi za London imechorwa ili isomeke kwa urahisi. Umbali wake si wa kweli. Kutoka stesheni ya Leicester Square hadi Covent Garden hazifiki mita 300, lakini anayepanda treni hulipa nauli, kisha hupanga foleni ya lifti Covent Garden. Akiikwepa, anapanda ngazi 193 za kuzunguka. Tembea tu. Njia nzima ninayoieleza hapa ni kama kilomita 3.

Anzia Trafalgar Square asubuhi. Wengi hukimbilia simba wanne walio chini ya nguzo ya Nelson, wakaipita sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza akiwa juu ya farasi, upande wa kusini. Umbali wa barabara za kwenda London hupimwa kutoka hapo. Simama hapo japo dakika moja.

Leicester Square ni ya kupita, ila kibanda cha TKTS huuza tiketi za maonyesho ya jioni hiyo kwa punguzo. Piccadilly Circus, shika simu na mkoba vizuri: macho ya watu wote yako kwenye matangazo ya taa, na wezi wanalijua hilo. Kisha fuata mpindo wa Regent Street, barabara iliyobuniwa na John Nash. Ukichoshwa na magari, hamia Carnaby Street, upande wako wa kulia, kisha endelea hadi Oxford Street, barabara ya maduka inayoelekea Marble Arch.

Jumapili ndiyo huwakwamisha wageni. Kwa sheria, duka lenye ukubwa unaozidi mita za mraba 280 huruhusiwa kuuza kwa saa 6 tu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Mengi ya Oxford Street hufungua milango mapema kidogo ili watu watazame bidhaa, lakini malipo hayapokelewi mpaka saa 6 mchana. Usipange kununua saa 3 asubuhi ukawahi ndege.

Jambo jingine: tangu Januari 2021, mtalii anayebeba mzigo mwenyewe harudishiwi VAT ya asilimia 20. Msamaha unabaki pale duka lenyewe linapoutuma mzigo nje ya nchi, basi uliza kabla ya kulipa.

Jioni stesheni ya Oxford Circus hufurika. Endelea magharibi ukapandie Bond Street au Marble Arch.