Jinsi nilivyokifanya chombo cha kubuniwa kipae wima

Vyombo vya angani vya hadithi za kisayansi huchorwa vipendeze macho, si vipasue hewa. Changu, nilichokiunda mwenyewe kwa kadibodi na balsa (mbao nyepesi sana) kiwe roketi ndogo ya kurusha, kina mabawa mapana yaliyosogea mbele na mkia mwembamba. Ili kujua kama kitapaa kikiwa kimenyooka, pua mbele, nilikifunga uzi kwenye kitovu cha uzito, yaani pale kinaponing'inia sawasawa, injini ikiwa ndani, nikakizungusha hewani. Kilitangulia ubavu, kisha mkia.

Mabawa ya mbele yalikuwa yamevuta kitovu cha mgandamizo wa hewa, yaani pale nguvu za hewa zinapokuwa kama zimekusanyika, mbele ya kitovu cha uzito, na roketi ya namna hiyo hupinduka ikirushwa. Kitovu cha uzito kinatakiwa kitangulie, angalau kwa kipenyo kimoja cha bomba la mwili wa roketi.

Umbo sikutaka kuligusa kabisa, ndilo lililonivutia. Nilikata mapezi manne ya plastiki angavu nikayabandika mkiani. Ukisogea hatua chache huyaoni. Kisha, ili kusogeza kitovu cha uzito mbele, nikajaza gololi ndogo za chuma na epoksi (gundi ya kuchanganya) ndani ya pua, kidogo kidogo, nikipima kila mara, maana uzito ukizidi injini hulemewa. Epoksi hutoa joto inapoganda, kwa hiyo pua niliisimamisha kwenye maji baridi.

Nikakizungusha tena: pua ikatangulia, ikatulia. Kiliporushwa kilipanda wima mpaka parashuti ikafunguka.