Uzoefu wangu wa kununua nguo na vyombo vya nyumbani katika maduka ya bei nafuu Uingereza

Mwanafunzi anayefika Uingereza mwezi Septemba hukutana na mahitaji mawili kwa wakati mmoja: nguo za baridi ambayo itaanza kuuma baada ya wiki chache, na vifaa vya chumba cha kupanga ambacho, hata kikitangazwa kuwa kina samani, kwa kawaida huwa na kitanda, meza na kabati tu, bila shuka, mto, sufuria wala kijiko. Nilipofika Leicester kwa masomo ya uzamili fedha yangu ilikuwa ya kuhesabu, na karibu kila nilichohitaji nilikipata katika maduka ya bei nafuu yaliyopangana kwenye mitaa mikuu ya biashara: Primark kwa nguo na matandiko, Poundland na B&M kwa vitu vidogo vya nyumbani, na TK Maxx pale nilipokuwa na muda wa kupekua. Kwamba maduka hayo yana bei ndogo, kila mtu anajua. Jambo lililonisaidia mimi ni kuweza kutenganisha kitu ambacho bei yake iko chini kwa sababu hakina mapambo wala jina kubwa, na kitu ambacho bei yake iko chini kwa sababu hakitamaliza muhula. Bei haikuonyeshi tofauti hiyo, ila lebo, ukijua kuisoma, hukuonyesha sehemu kubwa ya habari.

Katika nyumba niliyopanga aliishi pia dada mmoja wa Mombasa, muuguzi aliyekuwa amekaa nchini humo miaka kadhaa. Nilipomwonyesha orodha yangu ya manunuzi aliisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Kitanda chako umekipima, mdogo wangu?”

“Bado, dada. Si ni cha watu wawili?”

“Hapa kuna wawili na wawili. Kipime kwanza, shuka utanunua kesho.”

Ushauri huo uliniokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei nililowahi kulipata. Kitanda cha mtu mmoja cha Kiingereza kina upana wa sentimita 90 na urefu wa 190, na kile cha watu wawili kina upana wa 135. Katikati yao kuna cha sentimita 120, ambacho wenye nyumba za wanafunzi wanakipenda mno kwa sababu kinaonekana kikubwa bila kumaliza nafasi ya chumba, na changu kilikuwa hicho. Zaidi ya hapo kuna kikubwa cha 150 kwa 200. Shuka lenye mpira pembeni likiwa dogo halivuki pembe za godoro, na likiwa kubwa hujikunjakunja chini yako usiku kucha, kwa hiyo vipimo vyenyewe, na siyo jina la ukubwa lililoandikwa mbele ya pakiti, ndivyo vya kutazamwa. Pima pia unene wa godoro, kwa kuwa mashuka ya bei ya chini kabisa mara nyingi hushonwa kwa ajili ya magodoro membamba. Tahadhari ya ziada inawahusu wanaonunua matandiko IKEA, duka la samani lenye asili ya Sweden: vitanda vyao hufuata vipimo vya bara la Ulaya, 90 kwa 200 na 140 kwa 200, hivyo shuka la huko si lazima likubali godoro la mwenye nyumba wako Mwingereza.

Duveti, yaani lile blanketi nene lililojazwa ndani, ni jambo la peke yake, hasa kwa mtu aliyezoea shuka moja na chandarua. Waingereza hupima uwezo wake wa kuhifadhi joto kwa kipimo kinachoitwa togi, na namba hiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye mfuko. Togi 4.5 ni ya kiangazi, 10.5 hutosha sehemu kubwa ya mwaka katika nyumba yenye joto la kuridhisha, na 13.5 ni ya majira ya baridi. Nilichagua aina inayouzwa ikiwa duveti mbili, moja ya togi 4.5 na nyingine ya togi 9, ambazo huunganishwa kwa vifungo vya kubana zikawa 13.5. Malipo ya mara moja yalikuwa makubwa kidogo, lakini sikulazimika kununua nyingine hali ya hewa ilipobadilika. Ndani ilijazwa poliesta, na sioni aibu kuipendekeza: hufuliwa kwa mashine na hukauka upesi, wakati manyoya ya bata yanataka matunzo ambayo mwanafunzi hana nafasi nayo. Kwa kitanda cha sentimita 120, duveti ya 200 kwa 200 inafunika vizuri na kubakiza kiasi cha kujiviringishia.

Kwa upande wa taulo nilikwenda kinyume na mazoea ya kutafuta kitu kizito. Uzito wake huandikwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na zile za gramu 500 au 600 huvutia mkono dukani, lakini katika nyumba ambayo madirisha hayafunguliwi kuanzia Novemba na nguo huanikwa chumbani, taulo nene hukaa na unyevu mpaka ikatoa harufu. Nilinunua nyembamba, za bei ya chini, tena za pamba tupu, na hazikunisumbua.

Vyombo vya jikoni vilihitaji kitu kidogo ambacho sikutegemea kukihitaji, yaani sumaku. Nyumba nyingi mpya zina majiko ya induksheni, ambayo hupasha moto chombo chenye kitako kinachovutwa na sumaku tu. Sufuria ya aluminiamu ya kawaida ukiiweka juu yake itakaa hapo baridi hadi asubuhi. Sumaku ya kubandika kwenye friji inatosha kwa kupima: ikinasa barabara kwenye kitako, chombo kitafanya kazi. Kitako kiwe pia na unene wa kutosha, kwani sufuria nyepesi huunguza ugali upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mbichi. Miiko, vijiko, ubao wa kukatia na mabakuli ya plastiki nilivichukua bila kufikiri sana, na sijui kwa nini mtu alipie zaidi.

Maduka ya aina ya Poundland yanataka jicho la hesabu. Poundland lilipoanzishwa mwaka 1990 kila kitu ndani yake kiliuzwa pauni moja, na ingawa siku hizi bei ni za aina nyingi, hisia kwamba kila kilichomo ni rahisi imebaki kwa wateja. (Mwaka 2025 kampuni yenyewe iliuzwa na wamiliki wake kwa pauni moja, jambo ambalo wenyeji walilifanyia mzaha wa kutosha.) Bidhaa za kufulia, sabuni na dawa ya meno katika maduka ya namna hiyo mara nyingi huwa katika pakiti ndogo kuliko za sokoni kote, kwa hiyo nilikuwa nikigawa bei kwa gramu au mililita kabla ya kuweka kitu kikapuni. Supamaketi kubwa hukufanyia hesabu hiyo kwa maandishi madogo kwenye kibandiko cha rafu, na si mara chache niligundua kwamba sabuni ya nembo ya supamaketi yenyewe ilikuwa na nafuu zaidi. Wilko, duka la vifaa vya nyumbani lililoanzia Leicester hapohapo mwaka 1930, lilifilisika mwaka 2023, na baadhi ya majengo yake yakachukuliwa na Poundland na B&M; wazee wa mtaa wetu walikuwa bado wakilisifia kama ndugu aliyehama.

Sasa nguo. Primark, iliyoanzia Dublin mwaka 1969 kwa jina la Penneys, haikupelekei nguo nyumbani. Unaweza kuagiza kwa intaneti na kwenda kuchukua dukani, lakini mimi nilipendelea kwenda kuzishika mwenyewe, kwa sababu nguo ya bei ya kutupa lazima ikaguliwe kwa mkono. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na zile zilizopangwa mlangoni kwa wingi na kwa rangi za msimu ndizo nilizozipita haraka kuliko zote. Nilikuwa naanza na lebo ya ndani, ambayo kwa sheria lazima itaje aina ya nyuzi. Fulana, soksi na nguo za ndani nilizitaka za pamba au zenye pamba nyingi. Sweta zilinipa kazi zaidi, kwa kuwa nyingi za bei hiyo ni za akriliki, nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ambayo inahifadhi joto lakini baada ya kufuliwa hutoa vidonge vidogo vya nyuzi kwapani na mbavuni. Nilizichagua zile zilizofumwa kwa kubana, kwani zilizolegea ndizo huharibika mapema. Jinzi yenye pamba karibu yote na elastani, yaani nyuzi zinazovutika, asilimia moja au mbili ilidumu, ila zile zenye elastani nyingi zililegea magotini.

Baada ya lebo nilikuwa naigeuza nguo nje ndani. Mshono unaovutwa taratibu kwa vidole viwili haupaswi kufunguka ukaonyesha uzi. Pindo lisiwe limekatwa bila kuzungushiwa uzi. Zipu ipande na kushuka mara kadhaa bila kukwama. Suruali niliielekeza kwenye taa, na kama niliona vidole vyangu upande wa pili niliirudisha. Kisha alama za ufuaji: karai lenye namba ndani yake ni kiwango cha juu cha joto la maji, na mraba wenye duara ndani uliokatwa kwa alama ya X maana yake nguo isiingie kwenye mashine ya kukausha kwa joto. Alama hiyo ya pili ni muhimu kwa wanaotegemea chumba cha kufulia cha pamoja, ambako watu hutupa kila kitu kwenye kikaushio.

Nina umbo dogo, na hilo lilinipa faida ambayo si kila mtu anaifahamu. Nguo na viatu vya watoto walio chini ya miaka 14 havitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali vya watu wazima hubeba VAT ya asilimia 20 ndani ya bei. Kofia, glavu na fulana za ndani za kuhifadhi joto nilizichukua katika sehemu ya watoto wakubwa, kitambaa kilekile kwa bei ndogo zaidi. Nchini England nilibeba pia mfuko wangu kutoka nyumbani, kwani tangu Mei 2021 kila mfuko wa plastiki dukani hulipiwa angalau senti 10 za pauni, na kwa mtu anayenunua kidogokidogo zinajumlika.

Bei hizi zina upande ambao siwezi kuuruka. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji wa nguo zilizokuwa zikielekea katika maduka ya Ulaya na Marekani, Primark ikiwa miongoni mwa wanunuzi. Sikuwa na uwezo wa kununua kwingine, na sitajifanya kwamba nilisusa. Lakini niliacha kununua blauzi ya kuvaa jioni moja kwa sababu tu inakaribia bei ya chakula cha mchana.

Kuhusu kurudisha bidhaa, ni vizuri kujua mpaka kati ya hisani ya duka na haki ya mteja. Ukibadili mawazo tu, duka halilazimiki kisheria kukurudishia fedha ya kitu ulichokinunua dukani humo, ingawa mengi hukubali kwa masharti yao na kwa risiti. Kitu kikiwa na kasoro mambo ni tofauti: Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kurudishiwa fedha yote. Birika langu la umeme lilianza kuvuja chini, na muuzaji, kwa upole kabisa, aliniambia kwamba muda wa sera ya duka lao umeshapita. Nikamwambia kwamba sirudishi kwa kubadili mawazo, bali kwa kasoro, na kwamba siku 30 hazijaisha. Alimwita msimamizi wake, msimamizi akaangalia risiti, akaligeuza birika, na fedha ikarudi kwenye kadi yangu bila maneno zaidi. Nilizipiga picha risiti zote tangu mwanzo, maana karatasi zao hufifia, lakini hata taarifa ya benki inaweza kuwa ushahidi wa ununuzi.

Wakati nao una uzito. Mwezi Septemba maduka haya huweka sehemu ya vifaa vya wanafunzi wapya, na bei za seti za sahani na sufuria huwa nzuri. Ikifika Novemba rafu hizohizo zimejaa mapambo ya Krismasi. Makoti huanza kupunguzwa bei Januari, lakini kwa anayetoka nchi ya joto kusubiri hadi hapo ni kujitesa.

Vitu viwili sikuvinunua katika maduka hayo, nami sijabadili msimamo: koti la mvua na viatu vya baridi. Koti nililipata katika duka la hisani, yaani duka linalouza vitu vilivyotumika ili kuchangia misaada, likiwa limekwisha kuvaliwa na mtu lakini lenye mishono iliyozibwa kwa utepe ndani, kitu ambacho makoti mapya ya bei ya chini niliyoyakagua hayakuwa nacho. Viatu nilivilipia bei kamili katika duka la kawaida, nikavijaribu nikiwa nimevaa soksi nene, na fedha yake ilitokana na yote niliyoyaokoa kwenye taulo, mashuka na miiko.