Siku moja maishani mwangu: gauni la mtumba, umbo la 1885

Saa kumi na mbili asubuhi. Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, belo la magauni ya sherehe linakatwa kamba. Wenzangu wanawania kamera, yaani nguo bora za chaguo la kwanza, za kuvaa harusini; mimi, fundi wa mavazi ya jukwaani, nawania kitambaa. Zipu imekufa? Kwapa limechanika? Sijali, mradi sketi iwe pana.

"Fundi, hili nimekuwekea," ananiambia mama ninayenunua kwake, akivuta satini ya zambarau yenye mkia mrefu.

"Asante mama, Mungu akubariki."

Zambarau ndiyo hasa. Mwaka 1856 kijana wa London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaibuka na rangi hiyo. Haikupita muda wanawake wa Uingereza wakaivaa kwa wingi.

Saa tatu. Kibandani, nafumua kwa wembe, mshono kwa mshono. Gauni halina mikono wala kola, kwa hiyo vyote vitatoka kwenye mkia. Zipu ya mgongoni naiondoa na kuuziba mshono. Mbele napasua katikati, napanga vifungo nilivyovifunika kwa satini ileile, na chini yake nazificha ndoana za kufungia, maana mwigizaji hubadilisha nguo mbiombio. Pasi ni ya joto dogo, juu ya kitambaa cha pamba. Poliesta haina msamaha.

Saa saba. Sasa kazi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1880 sketi ilikuwa bapa mbele, nyuma imechomoza kama rafu. Nashona mto wa bitana, naujaza vipande vya vitambaa na kuufunga kiunoni kwa utepe. Wateja wengi huanza kuniuliza lesi. Mimi nasema umbo kwanza! Nyuma ikishainuka na kiuno kikakaa, hata aliyeketi kiti cha mwisho ukumbini ataijua enzi ya Malkia Victoria.

Saa kumi jioni. Mwigizaji amekuja kupima. "Inua mikono, dada. Sasa keti." Anaketi ukingoni mwa kigoda, mgongo umenyooka wenyewe. Pindo la mbele nalipunguza asije akalikanyaga kwenye ngazi za jukwaa.

Saa mbili usiku. Nakata gauni la mjane. Victoria alivaa nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki mwaka 1861 hadi kifo chake mwenyewe mwaka 1901, na nguo ya matanga haikutakiwa kumeta. Satini niliyo nayo inameta mno, basi naigeuza: upande wake wa ndani, uliofifia, ndio utakaokaa nje.