Mafia: Watu Wachache, Serikali Kamili

Kila Wilaya ya Mafia, ile ya visiwani mkoani Pwani, inapotajwa barazani kwetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini isiunganishwe na Kibiti, wilaya ya bara, ili gharama za uongozi zipungue. Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu watu 66,180 katika wilaya hiyo, ilhali Mkoa wa Dar es Salaam wenye wilaya tano ulikuwa na watu 5,383,728, na zipo kata zetu za huku zenye watu wengi kuliko Mafia nzima. Hoja hiyo si ya kipuuzi, ila mimi siikubali.

Ni kweli kwamba wilaya ndogo haipewi serikali nusu. Pale Kilindoni, makao makuu ya wilaya, yupo mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, yupo katibu tawala, yupo mkurugenzi mtendaji wa halmashauri na wakuu wake wa idara, na lipo baraza la madiwani linalopitisha bajeti. Chini yao kuna tarafa mbili, Kaskazini na Kusini, kisha kata nane, kisha vijiji na vitongoji. Mafia ni jimbo zima la uchaguzi lenye mbunge wake, wakati huku kwetu ilibidi majimbo ya Kivule na Chamazi yaanzishwe mwaka 2025 kwa sababu ya wingi wa watu.

Lakini anayetaka kuiunganisha Mafia na Kibiti ajaribu kwanza kuvuka bahari kutoka Nyamisati, bandari ya Kibiti, hadi Kilindoni wakati kusi limekaza. Mkazi wa visiwa vidogo vya Jibondo, Juani au Chole hupanda chombo hata kufika Kilindoni kwenyewe, na kama ofisi ingehamia bara, jambo dogo la muhuri lingemgharimu safari mbili za baharini, nauli na mahali pa kulala, na kazi yake ya siku hizo ingelala vilevile.

Hata hiyo idadi yenyewe ina mambo yake. Mwaka 2012 walihesabiwa watu 46,438, kwa hiyo katika miaka kumi wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, kasi ambayo hakuna mipango ya madarasa wala zahanati inayoweza kuipuuza. Tena sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, nao wavuvi ni watu wa kwenda dago: leo wamepiga kambi kisiwa hiki, wakati mwingine wako pwani ya mbali. Ndiyo maana mimi huiamini zaidi kazi ya mwenyekiti wa kitongoji anayewajua watu wake kaya kwa kaya, akajua nani amehamia, nani yuko dago na nani amefariki, mradi daftari la wakazi liandikwe kwa wakati.

Jambo ambalo wenzangu wa barazani hawalizingatii ni kwamba mwanakijiji wa Baleni au Kanga, kisheria, ana nguvu kuliko sisi. Halmashauri ya kijiji inatambuliwa kama mtu kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mkutano huo una kauli juu ya ugawaji wa ardhi ya kijiji. Mtaa wetu una mwenyekiti na kamati, lakini hauna mamlaka ya namna hiyo, na kwetu mikutano mingi huishia kwenye taka na ulinzi shirikishi.

Bila shaka uwezo wa kisheria haulipi mishahara. Halmashauri yenye watu wachache ina vyanzo vichache vya mapato ya ndani, hivyo hutegemea sana ruzuku ya serikali kuu, na idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kugawa ruzuku hizo. Kigezo cha umbali wa kuvuka bahari, kwa maoni yangu, kingepaswa kupewa uzito zaidi, kwa sababu mfuko wa saruji wa kujengea zahanati Juani hulipiwa usafiri wa barabara, kisha wa baharini kutoka bara, kisha wa mashua kutoka kisiwa kikubwa.