Sumaku, tochi na Chevelle ya 1970

Ukizoea magari ya Japani yanayopita yadi za Mombasa, umezoea kuoneshwa karatasi. Mkaguzi wa mnada, ambaye gari si lake wala haliuzi, ameshalizunguka akalipatia daraja, 4 au 4.5, akachora A palipochunika, U palipobonyea, W palipokarabatiwa, na R kama liliwahi kugongwa likatengenezwa. Unaweza kubishana na bei, lakini pa kuanzia unapo.

Huku Ohio, Marekani, ninakonyoosha bodi za magari, watu wenye pesa zao hununua mtandaoni magari ya miaka ya sitini na sabini bila karatasi ya namna hiyo. Maelezo anaandika muuzaji, picha analeta muuzaji. Mnunuzi yuko Arizona, gari liko kwenye banda la shamba saa mbili kutoka kwangu, na dau linapanda kila siku. Hapo ndipo ninapopigiwa simu. Kazi yangu ya wikendi ni kwenda kutazama chuma kwa niaba ya mtu ambaye hajawahi kukigusa.

Wenyewe huyaita magari ya misuli: bodi ya kawaida ya milango miwili iliyotiwa injini isiyo ya kawaida. Chevrolet Chevelle SS (Super Sport) ya 1970 iliweza kutoka kiwandani na injini ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4. Hapo unakaribia injini ya Fuso ya kubeba mchanga kwetu. Toleo kali kuliko yote, LS6, lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. LS6 ya kweli, yenye injini iliyozaliwa nayo, hupita dola 100,000 bila taabu. Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya mwaka uleule, bodi ileile, iliyopachikwa injini kubwa na nembo za SS za dukani, haifiki hata karibu. Basi hesabu mwenyewe mtu ana sababu gani ya kubadilisha nembo.

Na Chevelle ya 1970 ndiyo inayowafaa waongo, kwa sababu namba yake ya chesisi haisemi chochote. Inaanza na 13637, kisha 0 ya mwaka, herufi ya kiwanda na tarakimu sita. Maana yake ni Malibu ya V8, yaani silinda nane, ya milango miwili. SS mwaka ule ilikuwa kifurushi cha kuongezea tu, kwa hiyo SS halisi na Malibu ya mwalimu wa shule zina mwanzo mmoja. Kwa gari la 1967 ungeona namba inaanza na 138 ukajua ni SS. Dodge na Plymouth za 1970 ni rahisi zaidi: herufi ya tano ni ya injini, na ukikuta R, gari lilizaliwa na Hemi, injini yao kali ya inchi za ujazo 426. Ford wana Marti Report, ripoti inayotolewa kutokana na kumbukumbu za kiwanda kuanzia magari ya 1967. Pontiac wana PHS (Pontiac Historic Services), watakupa nakala ya ankara ya gari lako. Ukiulizia Chevrolet iliyoundwa na kuuzwa Marekani, hakuna daftari la kufunguliwa. Zile zilizouzwa Kanada zikiwa mpya zina kumbukumbu.

Chevelle niliyotumwa mara ya mwisho ilikuwa nyekundu yenye mistari myeusi, imefufuliwa hadi unajiona usoni kwenye mlango. Muuzaji, mzee mpole, alinikaribisha kahawa kabla sijafungua boneti. Nikaipokea, maana ukienda kwa mtu na sura ya askari hakuoneshi kitu.

Naanza na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa nisikwaruze rangi. Ohio humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, kwa hiyo kutu hapa hula kuanzia chini: nyuma ya magurudumu, pembe za sakafu ya buti, chini ya kioo cha nyuma. Upande wa kulia sumaku ilishika kila mahali. Upande wa kushoto, juu kidogo ya tairi la nyuma, iliteleza ikaanguka. Kuna puti nene pale, lipu ya kuzibia bodi isiyoshika sumaku, na mwenye kazi aliipiga msasa vizuri sana, namsifu. Kwenye tangazo pameandikwa “bodi ya chuma cha asili”.

Kisha injini. Kwenye Chevrolet za enzi hizo kuna kibao bapa cha chuma, sehemu ya bloku yenyewe ya injini, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, na hapo ndipo pana ushahidi. Panapaswa kuwa na T ya kiwanda cha injini cha Tonawanda, tarehe, herufi za aina ya injini, na sehemu ya namba ya chesisi. LS6 ya gia za mkono huandikwa CRV. (Binamu yangu wa yadi aliangua kicheko: “Kumbe wamewapiga Honda hao!”) Hii ilikuwa na CRV, na namba ilioana na ya kwenye dashibodi. Mtu wa haraka angefunga boneti hapo.

Lakini mashine ya kiwandani huacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka juu ya kibao kile, na tochi ikilazwa pembeni unaiona. Pale palikuwa laini kabisa. Ama injini ilichongwa juu ilipofufuliwa, jambo ambalo mafundi waaminifu hulifanya kila siku, ama mtu alifuta namba za zamani akagonga mpya. Kwa macho huwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Nikamwomba mzee karatasi ya kiwandani inayoorodhesha gari liliundwa na vifaa gani, ile ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti. Hana. Ana picha za ukarabati, nyingi, na zote zinaanzia gari likiwa tayari limepakwa rangi ya msingi.

Sikumwambia mteja kwamba gari ni feki, kwa kuwa sikujua hivyo. Nilimwandikia: puti upande wa kushoto, kibao hakina mikwaruzo ya kiwandani, hakuna karatasi, namba ya chesisi haithibitishi SS. Weka dau la Malibu nzuri yenye injini ya 454, usiweke dau la LS6. Na ukumbuke ada ya mnunuzi, ambayo kwenye mnada ule ni asilimia 5 juu ya bei.

Binamu alitaka kujua kwa nini tusilipeleke Mombasa. Usukani uko kushoto na Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, nikamjibu, akakata simu.

Jioni ya mwisho nilifuatilia kwenye simu nikiwa kazini. Dau likiingia katika dakika mbili za mwisho, saa inarudishwa dakika mbili, na watu wawili walirudishana hivyo hadi nikamaliza kupaka praima mlango mzima. Mteja wangu alikuwa ameshaacha zamani. Bei ilipanda mbali juu ya ile ya Malibu, ikasimama chini ya kiwango ambacho muuzaji alikuwa amekiweka, na gari halikuuzwa. Siku chache baadaye mzee alinipigia mwenyewe kuuliza kama namjua fundi wa kuaminika wa kuondoa ile puti.