Pua ya Shangazi

Jumapili, usiku.

Leo nimeharibu pua ya Shangazi. Nimeihangaikia siku tatu, kisha brashi ikabeba rangi kupita kiasi, tone likazama. Kwenye turubai ningefuta. Mahameli haifutiki: ukisugua kwa kitambaa kibichi vinyweleo vinalala na kushikana kama paka aliyenyeshewa, na hapo pameshakuwa kovu.

Nimezoea lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Gome hilo lina hudhurungi yake na mikwaruzo yake. Kosa hujificha humo, na mtalii hulinunua. Hii mahameli nyeusi niliipata Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa ya Kampala, mita moja, muuzaji akiuliza harusi ni lini.

Kazi yenyewe ni ya kinyumenyume. Unapitisha kiganja kwanza ujue vinyweleo vimelalia wapi. Mimi nimeiwamba kwenye fremu vikielekea juu, maana hapo weusi unakolea. Alama kidogo za chaki. Halafu brashi ya nywele ngumu: chovya, futa kwenye gazeti mpaka udhani imekauka, ndipo uguse ncha za vinyweleo tu. Rangi iliyofifia hutangulia, inayong'aa kabisa huja mwisho. Mkono ukiwa na haraka, rudi kulala.

Aliyeutafutia uchoraji huu wa mahameli soko ni Edgar Leeteg, Mmarekani aliyehamia Tahiti mwaka 1933 akachora wenyeji wa kule hadi alipokufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1953. Wasomi wa sanaa waliubeza. Nadhani hawakuwahi kujaribu kuchora mtu mweusi tii. Kwenye karatasi ningechanganya kahawia na bluu hadi usiku wa manane. Hapa ngozi ya Shangazi imo tayari kitambaani. Nimeweka mng'ao peke yake: kipaji, mfupa wa shavu, ukingo wa mdomo wa chini.

Lile kovu nimeliziba kwa kipini cha dhahabu. Shangazi hajavaa kipini maisha yake yote.

Jioni alipita kuchukua sufuria yake. Akasimama.

“Mwanangu, nywele zangu umezipeleka wapi?”

“Nywele ndicho kitambaa chenyewe, Shangazi.”

Hakuridhika. Akanyoosha mkono kabla sijamzuia, akapapasa kichwa chake kutoka juu kwenda chini. Vidole vikaacha mistari mitatu ya kijivu.

“Sasa ni mimi,” akasema, akachukua sufuria yake.

Brashi ya nguo ingeirudisha sawa. Nimeifungia kabatini.