Kona Tano za Ndani na Moja ya Nje

Sebule ile ilikuwa na umbo la herufi L, kwa hiyo ilikuwa na kona sita: tano za ndani na moja ya nje. Tuliitwa kuzungushia skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, na mwenye nyumba alitoa sharti moja tu. Hakutaka rangi. Alitaka vanishi inayoangaza, mistari ya mti ionekane yote. Fundi yeyote anajua uzito wa sharti hilo. Penye rangi, mwanya wa kona huzibwa kwa unga wa mbao na gundi, ukapigwa msasa, kazi ikapita. Penye vanishi, unga ule hubaki doa, na jicho la mgeni huenda hapo hapo.

Siku hiyo nilikuwa chini ya fundi aliyenizidi umri na miaka ya kazi. Nilimwita kaka, naye aliniita mdogo wangu. Alikuwa na mkono mwepesi, na kwa kukata mshazari sijaona wa kumshinda hadi leo. Kona ya ndani kwake ilikuwa na jibu moja: ubao huu nyuzi 45, ule nyuzi 45, zikutane, piga msumari. Mzee aliyenifundisha kazi alinilea kwa njia nyingine. Ubao wa kwanza unakatwa wima, unasukumwa mpaka uguse ukuta. Wa pili unachongwa kichwa chake kifuate umbo la uso wa ule wa kwanza, kisha unakuja kuukumbatia kama kiganja kinavyokumbatia mpini. Niliiamini njia hiyo, na pale nikatakiwa kuitetea mbele ya mtu ninayemheshimu.

Nilimwomba kwanza tupime. Nikalaza guni, kile kipimo cha pembe ya nyuzi 90, sakafuni kwenye kona ya mbali. Mkono mmoja ulikaa sawa na ukuta, wa pili ukaacha nafasi ya kupitisha penseli kwenye ncha yake. Kona ilikuwa imezidi 90. Si jambo la ajabu. Mwiko wa fundi lipu ukifika konani hukosa nafasi, na lipu hurundikana pale. Nyumba nyingi nilizofanyia kazi ziko hivyo, mpya kwa za zamani.

“Basi tugawe kwa mbili,” kaka akasema. “Kama ni 92, kila ubao tunaukata 46.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikainua guni taratibu hadi kimo cha ubao utakapoishia, kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mwanya wa kwenye ncha ukapungua. Ukuta mmoja, mbali kidogo na kona, ulikuwa umelala kuelekea ndani, kwa hiyo chini palikuwa na kipimo chake na juu pana chake. Tungegawa kipi kwa mbili?

Akasema misumari itavuta mbao zikae. Hapo ndipo nilipokuwa na neno. Misumari huvuta, ndiyo, lakini huvuta kuelekea ukutani, na nyuma ya ubao karibu na kona mara nyingi pana uwazi mdogo kwa sababu ya lipu ile ile. Ukigonga, ubao unarudi nyuma. Nyuso mbili za mshazari zilizokuwa zimegusana zinaachana, na zinaachana mbele, kwenye macho ya watu. Kila nyundo unayoongeza ili kufunga ndiyo inayofungua. Ubao uliochongwa hauna shida hiyo: ukirudi nyuma kidogo, unateleza tu juu ya uso wa mwenzake na kiungo kinabaki kimefungwa.

Sikuishia hapo, maana la msingi kwangu ni mti wenyewe. Mti ukikauka haupungui sawa pande zote. Kwa urefu wake hupungua kidogo mno, chini ya asilimia 1, lakini kwa mapana miti mingi hupungua kati ya asilimia 5 na 10 tangu ukiwa mbichi hadi ukauke kabisa. Hata mbao zilizokaushwa vizuri huendelea kuvimba na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika unyevu. Kwenye mshazari, mbao zote mbili zikipungua unene, kila moja inaachia upande wake na mwanya unakuwa wa mbao mbili. Kwenye ubao uliochongwa mwanya ni wa ubao mmoja, nao unaonekana ukiutazama kutoka upande mmoja tu.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza. Kisha akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: “Na huo upande mmoja, nani atautazama?”

Nikamwambia tuanzie ukuta unaokabili mlango. Ubao wa ukuta ule tuukate wima ncha zote mbili, utoke kona hadi kona. Mbao za pembeni ndizo zichongwe na kuja kuukuta. Mtu akisimama mlangoni, macho yake yanakimbia sambamba na zile mbao za pembeni, na hata kama kiungo kimeachia unene wa karatasi, uwazi unajificha nyuma ya ubao wa pembeni. Tukianza vibaya, tukachonga ule wa mbele, kila anayeingia atatazama ndani ya mwanya. Kazi ni ile ile, mbao ni zile zile, tofauti ni ukuta ulioanza nao. Na kwa kuwa mlango ulikata mzunguko, hakuna ubao ambao ungehitaji kuchongwa ncha zote mbili. Tungetoka ukuta wa mbali, tukaenda kulia na kushoto, na kuishia kwenye fremu.

Akavuta kiti cha kukatia. “Chonga mmoja nione.”

Nilianza kama yeye angeanza: nikakata ncha kwa nyuzi 45, mshazari ukitazama ndani. Watu wengi hudhani njia hizi mbili ni maadui, kumbe kuchonga huanzia kwenye mshazari. Mkato ule ndio unaochora umbo la ubao kwenye ukingo wake, kila mviringo na kila ngazi. Nikalaza penseli kwa ubavu na kusugua ukingo, mstari ukawa mweusi usiopotea. Sehemu ya chini iliyo bapa nikaikata kwa msumeno wa kawaida, nikiuinamisha kidogo ili nyuma ya ubao iliwe zaidi ya mbele. Penye mviringo nikashika msumeno mdogo wa fremu ya upinde, wenye uzi mwembamba unaoweza kugeuzwa kuelekea popote. Meno yake niliyaelekeza kwenye mpini, ili ukate ukivutwa. Ukiyageuza, uzi unajikunja kila unaposukuma.

Siri iko kwenye kule kuinamisha. Kinachotakiwa kugusa ubao wa kwanza ni ukingo wa mbele peke yake. Nyama yote ya nyuma ni kizuizi, na ikiachwa hata punje, kiungo hakifungi na utatafuta kosa mahali ambapo halipo. Nikamalizia kwa tupa nusu duara, nikijaribisha kila mara kwenye kipande kifupi cha skatingi ile ile. Kipande hicho usitembee bila hicho. Kinakuonyesha unapogusa kabla hujapiga magoti konani.

Kulikuwa na sehemu moja ngumu. Juu kabisa ubao wetu ulikuwa na ukingo wa mviringo, na ukichonga hapo unabakiwa na ulimi mwembamba unaovunjika ukiguswa. Mzee wangu alikuwa akiacha milimita chache za juu zibaki mshazari, na kwenye ubao wa kwanza anakata mshazari mdogo wa kuzipokea. Nilifanya hivyo. Kaka aliinama akatazama pale kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Ule ubao niliuacha mrefu kwa milimita 2 hivi. Tukaupinda katikati, ncha moja kwenye kona na nyingine kwenye ukuta wa pili, kisha nikausukuma kwa goti. Ukaingia kwa kujibana, na kona ikafunga toka sakafuni hadi juu ingawa ukuta ulikuwa umelala. Hatukutia unga, hatukutia gundi.

Kaka hakubadilika kuwa mtu mwingine siku ile, na sikutaka abadilike. Alisema wazi kwamba vyumba vya kulala, vilivyokuwa vya kupaka rangi, angevikata mshazari kama kawaida yake, na nadhani alikuwa na haki. Kuchonga kunakula muda. Tena kuna mbao zenye mapambo yaliyoingia ndani chini ya uso, ambazo huwezi kuzichonga hata ukitaka, na zile bapa kabisa hazihitaji njia yoyote kati ya hizo, unagonganisha tu. Lakini sebule tuliimaliza kwa kuchonga. Yeye akipima na kukata mshazari, mimi nikifuata umbo kwa uzi mwembamba na tupa.

Ikabaki kona ya nje, pale herufi L inapojikunja. Hapo hakuna kuchonga. Mbao zinakutana zikiwa zimegeuziana migongo, na ncha isipokuwa mshazari utaona kichwa cha ubao kimekaa wazi. Nilimwachia kaka. Alipima kona kwa vipande viwili vya mbao chakavu, akavirekebisha hadi vikafunga, akaandika kipimo ukutani. Akakata mbao zile ncha zikiwa kali kidogo kuliko kipimo alichokipata, ili zigusane mbele kwanza. Akapaka gundi nyuso zote mbili, akapiga misumari midogo kutoka kila upande, ikipita ubao mmoja na kuingia mwingine, akafuta gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji kabla haijashika. Kisha akanyoosha mkono nimpe msasa.